Maumivu ya mbavu yanayorudi kila mara: jinsi ya kutafuta chanzo chake

Mtu anaposema "mbavu zinaniuma", huenda kinachouma si mbavu hata kidogo. Nyuma ya mbavu za chini upande wa kulia limejificha ini pamoja na kifuko cha nyongo. Kushoto ipo bandama na sehemu ya mfuko wa chakula. Mgongoni, chini ya mbavu za mwisho, ziko figo. Juu ni mapafu na moyo. Mbavu zenyewe ni jozi 12. Jozi 7 za juu zimeungwa kwenye mfupa wa kidari kwa gegedu (mfupa laini), ya 8 hadi ya 10 zimejishikiza kwenye gegedu ya ubavu ulio juu yake, na mbili za mwisho zina ncha zilizo huru. Kila kiungo kati ya hivi kinaweza kuleta maumivu yanayokuja, yakapoa, yakarudi.

Kosa linaloonekana zaidi ni kuamua kwa upande: kushoto ni vidonda vya tumbo, kulia ni ini, basi dawa inanunuliwa dukani. Upande unasaidia kidogo tu. Kinachosaidia zaidi ni kujua maumivu yanaletwa na nini, yanakaa muda gani, na yanaondoka vipi.

Kwanza, yasiyosubiri

Usianze kupeleleza nyumbani kama kuna mojawapo ya haya. Nenda hospitali sasa hivi:

- Kifua kimebanwa au kimelemewa kama na mzigo kwa zaidi ya dakika 15, hasa kukiwa na jasho baridi, kichefuchefu, au maumivu yanayoelekea mkononi, tayani au mgongoni. Baadhi ya wenye kisukari na wanawake hawapati maumivu makali. Huishiwa pumzi, huchoka ghafla au huhisi kama gesi.
- Pumzi imekata ghafla, hasa kama mguu mmoja umevimba, au umejifungua, umefanyiwa upasuaji au umelala kitandani siku nyingi hivi karibuni.
- Unakohoa au kutapika damu, au choo ni cheusi kama lami.
- Homa pamoja na macho ya manjano.
- Umeanguka au umegongwa, mbavu za chini kushoto zinauma na unahisi kizunguzungu. Bandama inaweza kuwa inavuja damu ndani.
- Mgonjwa ana selimundu (sickle cell) na sasa ana homa au anapumua kwa shida.
- Mjamzito aliyepita wiki 20 anaumwa chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo, kichwa kinagonga, anaona nyota au amevimba uso. Hii inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, si kiungulia. Apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo.

Andika kwa siku saba

Kama hayo hayapo, chukua daftari au simu. Kila maumivu yanapokuja andika saa yalipoanza na kuisha, ulichokula ndani ya saa tatu zilizotangulia, kazi uliyokuwa ukifanya, na kama yalizidi ulipovuta pumzi, kugeuka, kukohoa au kulala. Andika pia kila dawa uliyomeza. Daktari akiona ukurasa huo atajua mengi kuliko akisikia "yanauma tu, kwa muda mrefu".

Halafu fanya jaribio la kidole. Keti wima, tumia ncha ya kidole kimoja, na bonyeza polepole kuanzia ukingo wa mfupa wa kidari, ubavu kwa ubavu, kisha kwenye nafasi kati ya mbavu, kisha ukingo wa chini. Ukiweza kuonyesha mahali pa ukubwa wa sarafu, na kubonyeza kunaleta maumivu yale yale unayoyafahamu, chanzo huenda ni ukuta wa kifua. Ukihitaji kiganja kizima kuonyesha, au maumivu yako ndani na hayafikiwi, fikiria viungo vya ndani. Jaribio hili lina mipaka yake: mwenye ugonjwa wa moyo naye anaweza kuwa na ubavu unaouma ukibonyezwa. Aliyezidi miaka 40, mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) hata kidole kikisemaje.

Yakizidi kwa kubonyeza na kugeuka

Mchochota wa gegedu hushika zaidi ubavu wa 2 hadi wa 5, karibu na kidari, bila uvimbe unaoonekana. Huletwa na kikohozi cha muda mrefu, kubeba ndoo, kulima, kupaka rangi dari, au hauna sababu inayojulikana. Unaweza kuisha ndani ya wiki chache, ukarudi kila unaporudia kazi ile. Eksirei haiuonyeshi, kwa hiyo picha safi haina maana kwamba maumivu ni ya kufikirika.

Mlio wa "tak" chini ya mbavu unapoinama au kujigeuza kitandani, ukifuatwa na mchomo mkali, huashiria gegedu ya ubavu wa 8, 9 au 10 inayoteleza na kugusa mshipa wa fahamu. Wengi huzungushwa kwenye vipimo vya tumbo miaka kadhaa kwa sababu hakuna aliyewauliza kuhusu mlio huo. Utaje mwenyewe.

Matibabu ya kundi hili ni kupunguza kazi inayochokoza kwa wiki mbili hadi tatu, kitambaa cha moto dakika 15 hadi 20 mara tatu kwa siku, na kunyoosha kifua: simama mlangoni, weka viganja kwenye fremu pande zote mbili, sogea mbele mpaka kifua kivutike, kaa sekunde 30, rudia mara tatu. Usifunge kifua kwa kitambaa cha kubana, hata kama ubavu umevunjika. Pumzi inakuwa fupi, makohozi yanabaki, na nimonia inafuata. Mwenye ubavu uliovunjika avute pumzi ndefu kumi kila saa akiwa macho, na akikohoa akumbatie mto. Mfupa huunga kwa wiki sita hivi. Kuchuliwa juu ya mvunjiko hakuna faida, huweza kuusogeza.

Maumivu ya kuungua upande mmoja tu, yanayozunguka kutoka mgongoni hadi mbele kama mkanda, huku hata nguo ikiuma ikigusa ngozi, kagua ngozi kila siku. Mkanda wa jeshi huanza kuuma siku kadhaa kabla ya malengelenge. Dawa ya kupambana na virusi hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, kwa hiyo siku za kuzunguka kwa waganga wa kienyeji kutafuta nani amekuroga zinagharimu. Pima na VVU, kwa sababu ugonjwa huu hutokea zaidi kinga ikiwa imeshuka.

Yakifuata chakula

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja tumbo likiwa tupu au yanayokuamsha usiku, na kutulia ukila, yanaelekea vidonda. Yanayopanda na uchachu hadi kooni, yakizidi ukilala baada ya kula, ni kiungulia. Yanayoanza baada ya chakula cha mafuta, yakakaza chini ya mbavu za kulia kwa nusu saa hadi saa kadhaa, yakagusa bega au mgongo wa kulia kisha yakaisha kabisa, yanaelekea vijiwe vya nyongo. Kwa hivyo omba altrasaundi, na usile chochote kwa saa 6 hadi 8 kabla yake, maana kifuko cha nyongo kikishajikunja vijiwe huonekana kwa shida.

Kipimo cha H. pylori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, kina mtego. Kile cha damu hutafuta kinga ya mwili, na kinga hiyo hubaki muda mrefu hata bakteria akishakufa. Ndiyo maana watu hutibiwa mara tatu au nne kwa "bakteria hasikii dawa" wakati hayupo tena. Omba kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha pumzi kama kipo. Acha omeprazole na ndugu zake (dawa za kupunguza asidi tumboni) wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne kabla, la sivyo jibu linaweza kuwa hasi la uongo. Baada ya matibabu subiri angalau wiki nne ndipo upime tena.

Gesi nayo hukusanyika kwenye kona ya utumbo mpana chini ya mbavu za kushoto, na wengi huikimbiza kama moyo. Ikiisha kwa kujamba au kupata choo, na kurudi ukila maharage au ukifunga choo, chanzo umekipata.

Yakizidi ukivuta pumzi

Kichomi cha ghafla chenye homa na kikohozi kinahitaji kupimwa siku hiyo. Inaweza kuwa nimonia. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kupungua mwili ni sababu ya kupima kifua kikuu, ambacho hupimwa na kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali Tanzania na Kenya. Lakini kifua kikuu cha utando wa mapafu huweza kuleta kichomi cha upande mmoja chenye kikohozi kidogo tu, na makohozi yakatoka hasi. Kama unapungua na kichomi hakiondoki, usiridhike na jibu hilo; ulizia eksirei ya kifua, na kama kuna maji, yavutwe yapimwe.

Uzito upande wa kushoto, uchungu kiunoni

Uzito usiokwisha chini ya mbavu za kushoto, pamoja na kushiba upesi, unaweza kuwa bandama iliyovimba: malaria ya kurudia, selimundu, au kichocho cha tumbo kwa wanaoishi na kuvua kando ya Ziwa Victoria. Usiminyeminye, na acha mpira mpaka upimwe, kwa sababu bandama kubwa hupasuka kwa teke. Uchungu wa mgongoni chini ya ubavu wa mwisho unaoshuka hadi kwenye kinena, ukiwa na mkojo wenye damu au unaowasha, ni wa figo.

Dawa ya maumivu wakati unasubiri

Paracetamol ndiyo salama zaidi kuanza nayo: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji sana au aliye chini ya kilo 50 apunguze kwa ushauri. Diklofenaki na ibuprofeni hufaa gegedu na misuli, ila huchimba vidonda na kuumiza figo. Asizitumie mjamzito wala mwenye vidonda, figo mbovu au moyo dhaifu. Soma paketi pia: vidonge vingi vya diklofenaki tayari vimechanganywa na paracetamol, na ukiongeza nyingine juu yake unazidisha dozi bila kujua.

Yasipopungua baada ya wiki mbili, au mapema kama unakonda, unapata homa za jioni au yanakuamsha usiku, peleka daftari kituoni. Anza kwa kuonyesha kwa kidole, taja kinachoyaleta, na toa orodha ya dawa ulizomeza kabla hujaulizwa.