Somo: Stenlesi ya pwani huponea kwenye msasa

Lalamiko ni lilelile: "Fundi, mbona reli imeshika kutu? Umenipa stenlesi feki!" Mara nyingi chuma ni halali. Kilichoharibiwa ni ngozi yake.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na metali iitwayo kromi, kuanzia asilimia 10.5. Kromi ikipigwa na hewa hufanya utando mwembamba mno unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudi wenyewe, ilimradi pawe pasafi. Adui yake mkubwa ni chumvi ya bahari, nayo hupenda kujificha kwenye mikwaruzo.

Tuchukue reli ya roshani inayotazama bahari.

Hatua ya 1. Nunua stenlesi ya daraja la 316, si 304. Ina molibdeni, metali inayoisaidia kustahimili chumvi.

Hatua ya 2. Tenga vifaa. Diski iliyosaga nondo jana isiiguse stenlesi leo, na brashi ya waya iwe ya stenlesi. Chembe za chuma cheusi zikibaki juu, zitaota kutu hata kama reli yenyewe ni nzima.

Hatua ya 3. Baada ya kuchomelea, ondoa rangi zote za moto: njano, zambarau, buluu. Wengine huziacha wakiziona pambo! Chini yake kromi imepungua, kutu huanzia hapo. Dawa ya kupaka yenye asidi ya nitriki na haidrofloriki huzing'oa, lakini haidrofloriki hupenya ngozi ya mtu hadi mfupani. Kama huna mafunzo na vifaa vya kujikinga, tumia msasa mpya.

Hatua ya 4, na hapa usiwe na haraka. Piga msasa namba 120, kisha 180, 240, 320 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), bila kuruka namba. Kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia. Pitisha ukucha kwenye kiungio. Ukikwama, rudi nyuma. Kwa pwani tunalenga ukwaru, yaani kina cha wastani cha mikwaruzo, usiozidi mikromita 0.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwenye nguzo, mistari ya mwisho ielekee juu-chini, mvua iteremke na chumvi.

Hatua ya 5. Safisha kwa asidi ya sitriki, suuza kwa maji matamu. Maji ya kisima chenye chumvi yatakurudisha ulikotoka.

MASWALI

Fundi, shikamoo. Yangu ni 304, ina madoa ya rangi ya chai. Niing'oe?

Marahaba. Usiing'oe. Madoa hayo kwa kawaida yako juujuu. Piga msasa laini, pitisha sitriki, kisha uioshe kwa sabuni na maji matamu kila mwezi. Steelwool ya jikoni, hapana.

Kaka, mbona upande ulio chini ya paa ndio umechakaa zaidi?

Mvua haifiki huko, chumvi inajilimbikiza tu. Anza kuosha huko.

Dada wa usafi anaifuta kwa dawa ya klorini, ina shida?

Ndiyo, inaila. Mpe sabuni ya vyombo na kitambaa laini.