Jinsi ya kukadiria umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili ya mbali
Achana na kilomita za barabara kabisa, barabara inazunguka milima na mito. Fungua ramani kwenye simu, pima mstari ulionyooka toka uwanja hadi uwanja, sio mji hadi mji, maana viwanja vidogo mara nyingi viko nje ya mji.

Halafu gawa kwa spidi na hapa ndo wengi wanapotea, wanaweka 850 km/h ya jeti kubwa wakati kwenye viwanja vidogo mara nyingi vinaenda vindege vya propela, mfano Cessna Caravan inakimbia kama 300 km/h hivi, kwa hiyo km 450 ni saa moja na nusu, ongeza dakika 15 za kupaa na kutua, upepo ukija kwa mbele ongeza tena. Na uliza kama inatua njiani, vituo vinakula muda sana.