Ninavyoipima gemu ya bunduki za angani kabla haijaingia chumbani kwangu

Nina chumba cha gemu Majengo, Goma, mashariki mwa Kongo. Televisheni nne, na mashine za kuchezea: PS3 mbili, Xbox 360 moja, na PS4 moja ambayo usiku naifunika kitambaa kama mtoto mchanga, maana vumbi la mawe yetu ya volkano halibishi hodi. Wateja wengi wanataka mpira. Mpira ni pesa ya haraka: dakika chache, aliyefungwa anainuka, mwingine anakaa. Gemu ya bunduki, hata hizi za angani, yaani za hadithi za kubuni za kisayansi, nauza kwa nusu saa, kwa hiyo nikichagua vibaya kiti kinabaki bure na dola za diski zimeshaenda. Jalada siliamini, video za matangazo ndiyo kabisa. Muuzaji wangu wa Birere tumekubaliana: nalipa, naenda nayo, na kabla ya jioni naweza kuirudisha.

Naanza na sikio. Kijana anayenisaidia anashika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, mimi naipa televisheni mgongo na kusikiliza dakika tano.

Kuna sababu. Zamani niliweka gemu ya vita vya kawaida, bunduki zile zile tunazozijua, sauti juu kwa sababu vijana walikuwa wengi. Saa mbili usiku jirani yangu, mama wa watoto watatu, akagonga dirisha. Watoto alikuwa ameshawaingiza chini ya kitanda, na mkononi alikuwa na begi lake la nguo. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Papa, ni kwako?" Nilizima. Kesho yake ile diski nikaibadilisha kwa ya mpira, kwa hasara.

Ndipo nilipohamia bunduki za angani. Silaha ya plazima kwenye Halo 3, inayorusha madonge ya gesi ya moto badala ya risasi, inalia kama tone la maji kwenye mafuta ya moto. Hakuna mtu Goma atakayelala chini kwa mlio huo. Lakini usidanganywe na neno "angani". Kwenye Halo hiyo hiyo, bunduki ya askari ya risasi 32 inatatarika kama yoyote ya huku. Basi nahesabu: katika dakika tano, mlio wa kawaida umetawala kiasi gani? Halafu naingia kwenye mipangilio kuona kama milio ya silaha inapunguzwa peke yake, maneno ya wahusika yakabaki. Kama ni sauti moja tu ya yote, juu au chini, naandika alama mbaya kwenye daftari.

Pili ni mkono. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, na hapa ndipo watu wengi wanapitia juu juu. Usikimbilie maadui. Tafuta ukuta, simama hatua kama kumi, piga risasi moja moja ukiangalia alama zinapotua. Kisha piga mfululizo. Bunduki nzuri inapanda kwa namna unayoweza kuizoea. Baada ya mara tatu kidole gumba chako kinaishusha chenyewe. Bunduki mbaya inatawanya ovyo, na mchezaji anailaumu maneti yangu. Zungusha kijiti polepole sana, uone kama kioo kinaanza kusogea pale pale au kinasubiri kwanza. Killzone 2 ya mwaka 2009 ilijulikana kwa uzito wake mkononi. Wako walioupenda, wateja wangu hapana. Ila kabla ya kuihukumu gemu, hakikisha si televisheni inayochelewa. Nyingi zina modi ya gemu iliyofichwa kwenye menyu ya picha, na mimi niliwahi kurudisha diski nzuri kwa kutolijua hilo.

Sasa sayansi yenyewe. Jiulize: nikiondoa nyota na vyombo vya angani, nikaweka msitu na malori, kuna kitakachobadilika katika kupigana? Kama hakuna, umeuziwa vita vya kawaida vilivyopakwa rangi ya buluu. Resistance: Fall of Man ya mwaka 2006 inapita mtihani huu vizuri. Hadithi yake iko Uingereza ya 1951, nyumba za matofali na makanisa, wala haiko angani. Lakini ina silaha inaitwa Auger ambayo risasi zake zinapenya ukuta. Siku ya kwanza kijana mmoja alijificha nyuma ya ukuta kama alivyozoea, akafa, akanigeukia mimi: "Papa, ukuta huu ni wa karatasi?" Tangu hapo chumba kizima kikajifunza kutembea upya. Kwenye Halo, silaha ya plazima haijazwi risasi: ukiing'ang'ania inapata joto na kukuacha mikono mitupu kwa muda, na betri ikiisha unaitupa. Hiyo ni sayansi inayoshuka mpaka kwenye kidole.

Maadui nawapima kwa uvivu. Najificha nyuma ya sanduku, naweka maneti mapajani, nasubiri dakika mbili. Wakisimama tu kama vigingi, wateja watachoka kabla nusu saa haijaisha. Kwenye Halo ukimuua kiongozi, wale wafupi wanakimbia mikono juu wakipiga kelele, na chumba chote kinacheka. Doom ya 2016 inakuadhibu kwa kukaa mafichoni: afya hairudi yenyewe, lakini ukimsogelea adui aliyelegea ukammaliza kwa mkono unapata uhai. Imenipa pesa nzuri, ila watoto siwawekei. Damu ni nyingi, na mama zao wanapita mbele ya mlango wakienda sokoni.

Halafu umeme. Anayepima gemu mahali ambapo moto haukatiki, hili halimjii akilini. Cheza dakika kumi, angalia alama ya kuhifadhi ikishapotea kwenye kioo, kisha zima mashine ghafla. Washa tena. Umerudi wapi? Ukirudishwa dakika mbili nyuma, sawa. Ukirudishwa mwanzo wa sura, jiandae kugombana na mtu aliyelipa franki zake.

Intaneti ni haraka: chomoa waya, zima wifi, anza. Destiny bila mtandao haichezeki kabisa, na mimi megabaiti zangu siwezi kuwagawia wageni. Mara nyingi wachezaji wawili kwenye kioo kimoja ni jambo la kuuliza kabla hata ya kulipa, maana jalada linaweza kuandika "wachezaji wengi" likimaanisha wa mtandaoni. Titanfall 2 mikononi ni tamu ajabu, lakini kioo haikigawi. Halo 5 ya 2015 nayo ilikiondoa kioo cha wawili, wakati Halo 3 inakubali wawili kwenye hadithi na wanne wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Wanne kwenye kiti kimoja kirefu, kila mmoja analipa. Unaona kwa nini Xbox ya zamani, inayocheza hiyo Halo 3, siiuzi.

Mwisho namkalisha mtu asiyejua gemu. Kwa kawaida ni yule yaya, yaani dada, anayeuza maandazi pembeni ya mlango. Simfundishi chochote. Juzi nilimpa diski mpya kutoka Birere. Ilikuwa imeshapita sikio, mkono na umeme. Dakika ya nne akaweka maneti chini, akashika kichwa, akasema dunia inamzunguka. Nikatafuta kwenye menyu mahali pa kupunguza mtikisiko wa kamera. Hapakuwepo. Ilikuwa saa kumi na nusu, nikapanda pikipiki, nikamkuta muuzaji akifunga.