Kabla hujapanda boti kwenda kuwaona kasa wa Kisite

Safari ya kwenda kuwaona kasa huamuliwa nchi kavu, siku kadhaa kabla. Familia nyingi zinazoshuka Shimoni wakati wa likizo ya Desemba zimeshalipia chumba, zimeshanunua nguo za kuogelea na simu zimejaa chaji, lakini hakuna aliyeuliza maji yanapwa saa ngapi. Jioni wanarudi wakisema kasa hawakuwepo. Mara nyingi walikuwepo. Walifikiwa saa mbaya, au na boti iliyowatimua, au na watu waliokuwa wakihangaika majini kiasi cha kutoona kilicho chini yao. Hayo yote yanaweza kutayarishwa mapema.

Nazungumzia Kisite-Mpunguti kwa kuwa ni mahali ambapo hata mtu wa bara aliyekuja na watoto anaweza kufika bila taabu. Hifadhi hii iko Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini ukielekea upande wa Pemba. Ukitoka Mombasa unavuka feri ya Likoni au unapita Dongo Kundu, unaishika barabara ya Lunga Lunga, unakata kona pale Kanana, na unafika Shimoni ambako boti huondokea gatini. Eneo la Kisite, kilomita za mraba 28 zilizotengwa tangu miaka ya 1970, halivuliwi kabisa. Mpunguti, lililo kando yake, wenyeji bado wanavua kwa zana zao za asili. Pasipotupwa nyavu kasa hupata pa kula na pa kulala, na ndiyo maana hapa nafasi ya kuwaona ni nzuri.

Anza na maji. Pwani yetu maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa nguvu. Siku hizo yanapwa asubuhi, saa nne hivi, na kujaa kama saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, yaani kati ya tarehe 7 na 10 ya mwezi wa Kiislamu na tena kati ya 22 na 24, ni maji mafu: bahari haiendi mbali na mkondo unapoa. Wavuvi wa Wasini wana hesabu hii kichwani. Wewe muulize yeyote umkutaye akitengeneza nyavu, au tazama jedwali la maji ya Mombasa kwenye simu.

Bamvua lina uzuri wake, kwa sababu maji yakipwa, fungu la mchanga hujitokeza pale Kisite na watoto hulifurahia sana. Lakini mkondo ni mkali, na juu ya mwamba kina hupungua mpaka tumbo linakaribia kugusa matumbawe. Mtu asiyezoea akishikwa na hofu hutafuta pa kusimama, na pa kusimama hapo ni juu ya matumbawe tu: atachanika miguu, na atavunja kwa kisigino kitu kilichochukua miaka mingi kukua. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, hasa asiyeogelea vizuri, mimi nashauri maji mafu bila kusita. Mwenye uzoefu anaweza kwenda bamvua, mradi aingie maji yakiwa yamesimama, ule muda mfupi kati ya kupwa na kujaa. Muulize nahodha wako: "Tutaingia saa ngapi, na maji yatakuwa yanavuta wapi?" Akikueleza papo hapo, umempata mtu. Akikuambia saa yoyote ni sawa tu, endelea kutafuta.

Kuhusu msimu, Oktoba hadi Machi ndio wakati mwafaka. Kuanzia masika ya Aprili maji huwa na tope, kisha kusi linavuma na bahari inachafuka mpaka Agosti hivi. Kuna siku tulivu hata wakati wa kusi, ila usiipangie safari ya watoto kwa kubahatisha. Na nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru, hata kama umetoka Nairobi kwa ajili ya siku hiyo moja. Ndiyo maana ni vizuri kuweka safari ya bahari mwanzoni mwa likizo, ili ikisogezwa ubaki na siku za akiba.

Sasa boti. Usimalize mapatano barabarani na mtu ambaye hata chombo chake hujakiona. Shuka gatini, kitazame. Hesabu majaketi ya kuokolea, kisha hesabu watu, wakiwemo mabaharia. Uliza kama yapo ya saizi ya watoto, kwa sababu jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani mara tu anapoingia majini. Tazama kama kuna ngazi ya kupandia. Wengi hawaifikirii ngazi mpaka wamekaa majini nusu saa, mikono imelegea, na ukingo wa boti uko juu ya vichwa vyao. Uliza pia kama mwongozaji ataingia majini pamoja nanyi au atabaki kwenye boti akiwaelekeza kwa mkono. Katika kundi lenye wasioogelea anapaswa kuingia, tena akiwa na boya la kushikilia.

Kwenye bei, taka kujua kilichomo na kisichomo: kiingilio cha hifadhi, vifaa, chakula cha mchana Wasini, usafiri wa kutoka hotelini. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na bei ya raia ni nafuu kuliko ya mgeni, basi beba kitambulisho. Ni vizuri kukamilisha malipo hayo usiku uliotangulia kuliko kuyahangaikia gatini huku mtandao unasuasua na maji hayakungoji.

Kuna swali moja zaidi ambalo mimi huliweka mbele ya bei: "Tukimwona kasa, mnafanyaje?" Nahodha mwema atasema anazima mashine mbali, au anafunga kwenye boya badala ya kutupa nanga juu ya mwamba, na mnamkaribia kwa kuogelea. Anayejisifu kwamba atawafikisha mpaka mumshike, achana naye. Kasa wote wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013, na katika hifadhi hii kila mnyama ni wa kutazamwa tu. Waliowahi kwenda Nungwi, Unguja, ambako kuna kasa waliowekwa bwawani na wageni huwalisha mwani, huja Kisite wakidhani mambo ni yale yale. Hapa kasa yuko kwao, na akitaka kuondoka ataondoka.

Mwili wako nao utayarishe. Kama huogelei si lazima ubaki nyumbani. Ukivaa jaketi utaelea, na kutazama chini huku ukipumua kwa mrija ni kazi ya kuelea zaidi kuliko kuogelea. Kinachohitajika ni kuzoea kupumua kwa mdomo uso ukiwa ndani ya maji. Jizoeze siku iliyotangulia, kwenye bwawa la hoteli au ufukweni maji yakikufika kiunoni. Pumua polepole, toa pumzi yote nje kabla ya kuvuta nyingine. Maji yakiingia kwenye mrija, puliza mara moja kwa nguvu, yatatoka juu. Mtoto akiweza kufanya hivyo kwa dakika tano akiwa ametulia, yuko tayari. Akikataa, usimlazimishe, mwache afurahie boti. Mwenye pumu, shinikizo la damu, kifafa au ugonjwa wa moyo azungumze kwanza na daktari, kisha amwambie mwongozaji kabla ya kuondoka, na dawa yake ya kuvuta aipande nayo botini.

Asubuhi kula kidogo. Mahamri na mbaazi za nazi ni tamu, lakini yaache ya kurudia. Kipande cha mkate au ndizi na chai ya tangawizi vinatosha. Anayetapika baharini anywe kidonge cha safari kama saa moja kabla, akijua vingi vya aina hiyo huleta usingizi, kisha akae kati au upande wa tezi, yaani nyuma, ambako chombo hakirushwi sana, mbali na moshi wa mashine, macho yakitazama mbali kwenye upeo. Omo, yaani mbele ya chombo, ni pazuri kwa picha, na ndipo tumbo linapochafuka haraka zaidi.

Miwani ya kuzamia ndiyo itakayoamua kama utaona kitu. Ijaribu gatini, usisubiri mpaka uwe katikati ya bahari. Iweke usoni bila kupitisha mkanda nyuma ya kichwa, vuta hewa kwa pua, kisha achia mikono. Ikibaki imekung'ang'ania, hiyo ni yako. Ikidondoka, omba nyingine, hata kama ni ya tatu. Kila unywele unaopita chini ya mpira huingiza maji, kwa hiyo wanaojistiri wavute kilemba nyuma ya paji la uso na mpira wa miwani ukae kwenye ngozi tupu, kisha nguo ya kichwa ibanwe juu ya mkanda. Wenye masharubu mazito watavujiwa kidogo, waizoee hali hiyo au wayapunguze. Ndani ya kioo paka mate, suuza kidogo kwa maji ya bahari, na ukungu hautakusumbua. Kama una miwani yako binafsi, yenye mrija usiotoa ladha ya vinywa vya watu, beba.

Mavazi ya mikono mirefu yanayobana mwili ni bora kuliko chupa nzima ya mafuta ya jua. Ukiwa umelala kifudifudi mgongo na nyuma ya mapaja huungua bila wewe kuhisi, kwa sababu maji yanakupoza. Nguo hiyo hiyo itakukinga na yavuyavu. Sehemu zitakazobaki wazi paka mafuta yenye zinki, yasiyo na oksibenzoni, ambayo inadhuru matumbawe. Beba pia leso kavu ya kujifunika wakati wa kurudi, maana upepo wa alasiri juu ya mwili uliolowa ni baridi hata pwani.

Maji ya kunywa tia kwenye chupa ya kudumu. Tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja ndani ya hifadhi, chupa za maji zikiwemo. Sheria hii naipenda kwa dhati. Mfuko unaoelea unafanana mno na yavuyavu, na kuna kasa wanaokula vitu hivyo na kufa navyo tumboni.

Mkifika majini, tulia kwanza. Ingia polepole, usijirushe. Elea dakika mbili tatu mpaka pumzi ikae sawa, kisha tazama kwenye nyasi bahari na chini ya mapango ya matumbawe. Kasa wa kawaida ana kichwa cha mviringo na akikua hula nyasi. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, ana mdomo uliochongoka kama wa ndege na magamba yanayolaliana kama vigae, na utamkuta akichokoa sifongo kwenye mwamba. Ukimwona yeyote, acha kupiga miguu. Kaa kando yake, si juu yake, ukimpa nafasi ya mita tatu au zaidi.

Nafasi hiyo inahusu pumzi yake. Kasa akilala anaweza kukaa chini kwa saa kadhaa, lakini akiwa anakula au anaogelea hupanda kuvuta hewa kila baada ya dakika chache. Niliwahi kuona kundi limemzunguka mmoja aliyekuwa anapanda, kila mtu amenyoosha simu. Alifika karibu kabisa na juu, akakuta miguu kila upande, akageuka na kuzama tena bila kuvuta pumzi. Mkiwa wengi, kubalianeni kwenye boti kabla ya kuingia: anayepanda aachiwe njia, na hakuna wa kumwandama anayeondoka.

Ukimpa nafasi ataendelea na shughuli zake. Anang'ata nyasi, anavuta kwa kichwa, mchanga unatimka na samaki wadogo wanakuja kuokota mabaki. Kisha ananyanyua shingo, anajisukuma kwa mapezi ya mbele bila haraka, pua inatokeza nje, unasikia pumzi ikitoka kwa mkupuo mmoja, na papo hapo ameshainamisha kichwa kurudi malishoni. Mkimwacha hivyo mnaweza kukaa naye muda mrefu mpaka baridi iwatoe ninyi.

Ukimwona kasa aliyenaswa na wavu au kamba, au anayeelea asiweze kuzama, usimkate wala kumvuta. Mwite mwongozaji, mtie alama mahali hapo, mkumbuke saa. Kama ana kibati cha namba kwenye pezi, isome kwa mbali au umpige picha bila mwanga. Ofisi ya KWS iko Shimoni, karibu na gati, na ni hatua chache kupita hapo kuripoti kabla ya kushika njia ya kurudi.