Sonona na wasiwasi ukiwa Uingereza: ukifika kwa GP sema yote

Ndugu zangu mlioko Uingereza, kuna kitu kinatuponza sana. Mtu hajalala vizuri wiki ya tatu hii, moyo unamwenda mbio akiwa kwenye basi la kwenda kazini, chakula hakipiti, simu ya nyumbani ikiita anaiangalia tu mpaka inakatika, halafu akishapata nafasi kwa GP, yaani daktari wa mtaani unayemwona kwanza, anasema kichwa kinauma na mwili umechoka, basi. Anapewa panado anarudi zake, anasema madaktari wa huku hawajui kitu. Jamani, sonona haionekani kwenye damu wala eksirei, kipimo ni yale maneno yako, ukiyabana hapo daktari hana pa kushika.

Kwanza kujiandikisha. England huhitaji kuonyesha pasi, viza wala bili ya nyumba ili uandikishwe kwa GP, na kumwona ni bure hata kama makaratasi yako hayajakaa sawa. Mwajiri wako hapelekewi habari zako bila ridhaa yako.

Ukifika mara nyingi watakupa maswali tisa, PHQ-9, yanauliza wiki 2 zilizopita umekuwaje: hamu ya vitu, usingizi, kula, kujilaumu, umakini. Kila swali ni 0 hadi 3, jumla mwisho 27, na ukifika 10 kwenda juu daktari anaanza kuifikiria sonona kwa uzito. Ya wasiwasi ni saba, GAD-7. Usijaze kama unajibu salamu, ile ya nashukuru Mungu naendelea vizuri. Maumivu ya mwili yaseme, kwetu wengi ndo yanaanzia huko, ila endelea: ilianza lini, na imekuzuia nini. "Nimeacha kupika, nakula mkate mkavu." "Nimekosa shifti mbili." "Siendi tena kanisani." Hayo yanamwambia daktari mengi kuliko neno stresi, na kwa vile dakika zenyewe ni kama 10 tu, yaandike kwenye simu usiku wa kuamkia miadi umsomee.

Swali la tisa ni la kutamani kufa au kujidhuru. Wengi wanaweka sifuri kwa kuogopa kufungiwa hospitali au kunyang'anywa watoto. Naomba sana usidanganye hapo. Ukisema kweli wanaanza kwa kukuuliza zaidi na kupanga na wewe jinsi ya kukulinda. Kulazwa kwa lazima kuna sheria yake, ni kwa hali ya hatari kubwa, na kuwa na sonona peke yake sio sababu ya kuchukuliwa watoto.

Lugha ikikushinda omba mkalimani wa Kiswahili wakati unaweka miadi, ni bure. Ukiogopa atakuwa mtu mnayekutana naye harusini, omba wa kwenye simu. Mtoto wako usimpeleke akutafsirie, utamwambiaje mtoto wa miaka 12 amwambie daktari mama hataki kuishi?

Daktari anaweza kupima damu pia aone tezi ya shingo, upungufu wa damu, vitamini D, sababu hayo nayo yanachosha mtu. Mwambie kama unakunywa pombe au unatafuna miraa (imepigwa marufuku tangu 2014 lakini daktari sio polisi), na kama kuna kipindi ulikaa siku kadhaa hulali, una nguvu kupita kiasi, unamwaga hela ovyo, manake hiyo inaweza kuwa baipola na matibabu yake ni mengine.

Tiba ya mazungumzo unaweza kujiombea mwenyewe England ukiwa na miaka 18 au zaidi, tafuta NHS Talking Therapies (huduma hiyo ya afya ya serikali, NHS) ya eneo lako. Dawa za sonona kama sertralini ndo wengi wanaziacha njiani: wiki za mwanzo kichefuchefu, tumbo, usingizi unavurugika, wakati nafuu inahitaji wiki 2 hadi 4, pengine 6, kwahiyo mtu anaonja maudhi tu anatupa kopo. Vumilia, yakizidi mpigie daktari. Ukipata nafuu endelea angalau miezi 6, usikate ghafla, na umtajie daktari tramadol (dawa ya maumivu) au mitishamba yoyote unayotumia. Dua na maombi endelea nayo, sikubaliani na anayekwambia uchague kimoja.

Mawazo ya kujiua yakikubana piga 111 uchague namba 2, hatari ya papo hapo 999, na kama unataka tu mtu wa kukusikiliza Samaritans 116 123, bure, saa 24. Na ndugu yako akianza kusikia sauti au kuamini watu wanamfuata, usikimbilie kumkatia tiketi akaombewe nyumbani, mpeleke kwa daktari leo hii, timu za huku za wanaougua hivyo mara ya kwanza zimewekewa lengo la kuanza kumtibu ndani ya wiki 2.