Mgeuze kwanza: kumtambua mbawakawa wa maji

Kazi yangu ni kutengeneza saa. Lenzi ya kubana jichoni ninayo, kibano chembamba ninacho, na masika yakishika hapa Malindi, wadudu wakaanza kugonga taa ya baraza, vyote viwili vinapata kazi ya pili. Wenzangu hufagia, mimi naokota.

Ninaowaokota ni mbawakawa wa maji. Watu huwaita wote mende wa maji, lakini humo mna koo mbili, yaani familia za kisayansi, zisizofanana. Kuna wapiga mbizi, Dytiscidae, na kuna hawa ninaowapenda, Hydrophilidae. Mtie mmoja aliye hai kwenye bakuli jeupe la maji, umtazame. Mpiga mbizi hupiga miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, kama makasia, na akitaka hewa huinua makalio. Hydrophilidae hupiga mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu apandaye ngazi, na huja juu kwa kichwa, ameinama ubavu kidogo. Hapo anapasua uso wa maji kwa papasi, yaani vipembe vya kichwani, na hewa inashuka hadi chini ya mwili, ikanaswa na manyoya mafupi. Ndiyo maana tumbo lake majini hung'aa kama fedha.

Papasi hizo ndizo zilizonipoteza mwaka wa kwanza. Vile vijiti virefu viwili vinavyotangulia usoni si papasi. Ni vikono vya mdomoni, anavyopapasia njia. Papasi zenyewe ni fupi, zimefichwa chini ya kichwa, na nchani zina kirungu cha vipande vitatu chenye manyoya. Ukikiona kirungu pamoja na vikono virefu, umefika kwenye ukoo. (Wapo wa ukoo huu wanaoishi kwenye samadi, vikono vyao vifupi. Hao nawaachia wenye ng'ombe.)

Sasa mgeuze. Mgongo hudanganya, maana nusu yao ni weusi wanaong'aa. Pitisha ncha ya sindano katikati ya kifua kuelekea tumboni. Ukikuta ukingo ulioinuka na kuishia kwa mwiba unaopita mizizi ya miguu ya nyuma, na mdudu ana sentimita 3 au zaidi, huyo ni Hydrophilus. Mshike kwa adabu, mwiba huo huchoma. Dume utamjua kwa miguu ya mbele: kipande cha mwisho, penye makucha, kimepanuka kama kijembe. Mwenye mwiba lakini urefu wake kama sentimita 1, mara nyingi ni Sternolophus.

Asiye na mwiba mrefu, mwangalie macho. Yakiwa yametokeza sana, na mabawa magumu ni ya rangi ya mchanga yenye mistari iliyochimbika na madoa, ni Berosus. Ukimbana hulia chwi chwi. Macho yakiwa yamegawanyika, nusu juu na nusu chini, na mwili umeviringana kama punje ya dengu, ni Amphiops. Mimi nilimwandika kuwa yule mdudu anayezunguka zunguka juu ya maji, kwa kuwa naye macho yake yamegawanyika. Miguu ingeniambia: huyo mzungukaji miguu yake ya nyuma ni mifupi, bapa kama makafi.

Wanaochosha ni Enochrus na Helochares, wote hudhurungi na wadogo. Tazama kikono cha mdomoni: kwa Enochrus kipande kirefu kimepinda, mbinuko ukielekea mbele, kwa Helochares unaelekea nyuma. Kisha tafuta mfereji kandokando ya mahali mabawa magumu yanapokutana. Enochrus anao, Helochares hana. Ukimpata jike aliyebeba mfuko wa mayai chini ya tumbo, usihangaike tena, ni Helochares.

Hadi hapo umepata jenasi, yaani kundi dogo ndani ya ukoo. Spishi, yaani aina yenyewe, mara nyingi inataka kiungo cha uzazi cha dume, kwa hiyo ukiwa na majike tupu, ishia kwenye jenasi wala usibahatishe. Mlainishe dume aliyekufa kwenye maji ya moto, kisha kivute kiungo kutoka ncha ya tumbo kwa sindano iliyopindwa. Kina sehemu tatu, ya kati na mbili za pembeni, na umbo la ncha zake ndilo unalolinganisha na michoro ya wataalamu. Kigundishe palepale kwenye kadi aliyobandikwa mbawakawa mwenyewe, pamoja na tarehe na mahali. Changu kimoja nilikitafuta mchana kutwa katikati ya skrubu za saa ya mteja.