Ua la masika chini ya mwembe: kiangazi cha kaskazi kikiingia, funga maji!

Jamani wapenda maua wa Malindi na Lamu, hili nalirudia tena kwa sababu hasara ni ile ile kila mwaka. Mtu ana kivuli kizuri cha mwembe, ananunua vitunguu vya lile ua jekundu la duara kama mpira, lile linalotoka na mvua (wataalamu huliita Scadoxus multiflorus), msimu wa kwanza linachanua, majani yanakuja mapana, halafu baadaye yanageuka manjano na kulala, basi mwenyewe anaona ua lake linakufa kiu, anashika paipu na kila jioni ni maji tu. Masika ikifika hakuna kitu, ukifukua unakuta kitunguu kimeoza kinanuka.

Halijafa, limelala! Ndivyo lilivyo, linapumzika chini kiangazi chote likingoja mvua. Kwa hiyo usiangalie kalenda, angalia majani. Jani la kwanza likigeuka manjano punguza maji nusu, yakishalala yote acha kabisa, hata kikombe usimwage, mpaka mvua za Aprili zianze au uone ncha imechomoza yenyewe. Na usiyakate yakiwa bado mabichi, ndiyo yanayolisha kitunguu. Huna hakika kama pamekauka? Ingiza kijiti sentimita 10 kando ya kitunguu, kikitoka na unyevu kuna maji yanafika hapo. Mara nyingi ni yale ya eisii (kiyoyozi) yanayodondoka ukutani, au ya kuoshea vyombo, na watu hawayahesabu kama kumwagilia! Lililo kwenye chungu lisogeze barazani pasipofika mvua ya vuli.

Kosa la pili linasaidia la kwanza, nalo ni kuzika kitunguu chini sana. Shingo yake iwe sawa na uso wa udongo au itokeze kidogo, si kiganja kizima chini kama mnavyofanya. Kimoja na kingine sentimita 15 hadi 20. Mchanga wetu ni mzuri kwa sababu haushiki maji, changanya tu na majani yaliyooza, theluthi moja inatosha, ila samadi mbichi hapana, hapana kabisa. Ukishapanda usifukuefukue kila mwaka, mizizi yake haipendi, viache vitunguu vibanane miaka 3 au 4.

Ncha ikitoka na mvua ikachelewa, nusu lita kila siku ya tatu, na kama kisima chako kina chumvi tumia maji ya mvua uliyokinga.

Likitoka na kikonyo chenye madoadoa, uko sawa.

Msiende kung'oa msitu wa Arabuko-Sokoke tafadhali, nunueni nasari ya miche au ombeni jirani. Pia kitunguu chake kina sumu, mbuzi na watoto wasikikaribie, na ukimaliza kupanda nawa mikono kwa sabuni.